Chumvi, Mbuzi na Kurasa 16: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Kitabu cha Kuchekesha kwa Darasa la Kwanza na la Pili

Kitabu changu cha kwanza kiliwachekesha watu wazima peke yao. Nilikisoma kwa sauti barazani kwa jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, akina mama wakashika mbavu. Mmoja akataka nirudie ukurasa wa bwana harusi aliyevaa kanzu kinyumenyume. Kesho yake nikampa mtoto wa darasa la pili akisome mwenyewe. Akafika kwenye neno "walipomwendea", akakwama. Akarudi mwanzo wa neno, akalipanda taratibu kama mtu anayeparamia mnazi wenye utelezi, na alipofika kileleni alikuwa ameshasahau sentensi ilianzia wapi. Hakucheka. Aliniuliza, "Mwalimu, nimemaliza?"

Tangu hapo nimetengeneza vijitabu kadhaa, vingine kwa kalamu na mashine ya kopi tu, na nimegundua kwamba kosa langu halikuwa ugumu wa maneno peke yake. Kichekesho kilikuwa kimekaa mikononi mwa msimulizi. Mtoto anayeanza kusoma anacheka pale anapojua jambo ambalo mhusika bado hajalijua: yeye kamwona mbuzi, Saida hajamwona. Karibu yote nitakayoeleza hapa chini yanatafuta hilo.

Nitatumia kitabu kimoja kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Kinaitwa "Chumvi ya Mama". Saida anatumwa chumvi dukani kwa baiskeli. Njiani watu wanamsimamisha wamtwishe mizigo yao, na huku nyuma mbuzi anailamba chumvi kidogo kidogo. Basi. Hakuna zaidi ya hapo.

Kaa usikilize kwanza

Usianze kwa kuandika. Chukua daftari, kaa mahali watoto wa miaka sita hadi minane wanapokuwa wenyewe: bombani kwenye foleni ya ndoo, nje ya chuo cha Kurani saa kumi jioni, uwanjani wakati wa mapumziko. Andika kila kilichowachekesha, na aliyecheka kwanza ni nani.

Utaona mambo machache yanajirudia. Mkubwa anayekosea jambo ambalo mtoto analijua: hilo haliishi utamu. Kitu kilicho mahali pasipo pake, kama kuku juu ya kabati la vyombo. Mtu anayesisitiza kwamba hana shida huku shida imemkalia kichwani. Jina linalotamkwa vibaya. Na kushuta, naam. Mtoto wa umri huo akisikia mtu kashuta anacheka mpaka machozi, hata umwambie nini. Mimi sijaliweka kitabuni kwa sababu najua walimu wakuu watakirudisha, lakini sitakudanganya kwamba halichekeshi.

Yasiyomo kwenye daftari langu ni methali, mafumbo ya siasa na maneno yenye maana mbili, yaani yale yote tunayochekea sisi barazani.

Sentensi moja inayobeba kichekesho

Kabla ya ukurasa wa kwanza, uweze kukieleza kitabu chote kwa sentensi moja, na mtoto aitikie kwa "eee!" au kwa kucheka. "Saida analeta chumvi na mbuzi anailamba njiani." Ukihitaji sentensi tatu, una vitabu vitatu, au huna hata kimoja.

Angalia pia unamcheka nani. Mtoto mwenye kigugumizi, mwenye ualbino, anayechechemea, anayevaa sare iliyochanika: huyo yumo darasani, na kitabu kikishafungwa, utani unabaki naye uwanjani. Fimbo nayo si kichekesho. Kitabu ndicho kichapwe, mtoto aachwe. Mzee anaweza kukosea, tena akosee sana, mradi heshima yake isivunjwe na mtoto. Huku kwetu Saida atamwamkia Babu "Shikamoo" hata kama Babu amekalia nazi zake.

Gawanya kurasa kabla ya kuandika maneno

Hapa ndipo wengi wanaponichoka, na hapa ndipo kitabu kinapozaliwa au kinapokufa.

Chukua karatasi nne za A4, zikunje katikati kwa pamoja, zibane pini mbili kwenye mkunjo. Umepata kijitabu cha kurasa 16 za ukubwa wa A5; jalada litavikwa nje baadaye, halimo kwenye hesabu hii. Karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo kitabu cha kubana pini kinakwenda kwa 8, 12, 16, 20, 24. Ukurasa wa 17 haupo. Aliyeandika hadithi ya kurasa 18 atalipia kurasa mbili tupu.

Sasa weka namba. Kurasa za kulia ni 1, 3, 5 na kuendelea. Za kushoto ni 2, 4, 6. Mtoto akiwa amefungua kurasa mbili, jicho lake linaishia kulia, kisha mkono unafunua. Kule kufunua ndiyo pumzi ya kichekesho. Swali, mwito au hatari ikae kulia. Jibu lisubiri nyuma ya karatasi. Ukiliweka jibu kwenye ukurasa wa kulia uleule, au swali kushoto na jibu kulia, mtoto ataliona jibu kabla hajasoma swali na mchezo umekwisha. Ni kama kutega kitendawili. Ukisema "Nyumba yangu haina mlango" huku umeshika yai mkononi, nani atahangaika kukujibu?

Hivi ndivyo nilivyokigawanya:

Ukurasa wa 1 ni jina na picha. Wa 2 ni taarifa za kitabu, maandishi madogo.

Wa 3: "Saida! Leta chumvi!"

Wa 4: "Sawa, Mama." Wa 5: "Mangi, nipe chumvi."

Wa 6: Saida anarudi. Wa 7: "Saida! Simama!"

Wa 8: Bibi Tatu anasema, "Beba nazi." Wa 9: "Saida! Simama!"

Wa 10: Baba Ali anasema, "Beba ndizi." Wa 11: "Saida! Simama!"

Wa 12: Babu anasema, "Beba mimi!" Wa 13: "Saida, chumvi iko wapi?"

Wa 14 na 15, picha moja kubwa inayovuka kurasa zote mbili, mbuzi anakunywa maji ya ndoo: Gu! Gu! Gu!

Wa 16: "Mbuzi huyu ni wa nani?"

Tazama "Simama!" inavyojirudia mara tatu, kila mara kulia. Mara ya kwanza mtoto anajiuliza ni nani anayeita. Mara ya pili anakisia ni mzigo mwingine. Mara ya tatu ana uhakika ni mzigo, na anakuta Babu anataka kupakiwa yeye mzima mzima. Mara mbili za kumzoesha, ya tatu ya kumgeuzia. Nimejaribu kurudia mara tano, watoto wakaanza kuruka kurasa.

Jambo moja la hapa kwetu. Watoto wawili niliowapa kijitabu cha mfano walikifungua kutoka nyuma, wakakutana na mbuzi kabla ya chumvi. Walikuwa wametoka chuoni kusoma juzuu, ambayo hufunguliwa kutoka kulia. Hawakukosea chochote. Siku hizi kwenye jalada la mbele naweka Saida anayeendesha baiskeli kuelekea ukingo wa kufunulia, na jalada la nyuma naliacha na rangi tupu. Tangu hapo hakuna aliyekosea mlango.

Maneno: hesabu silabi

Miongozo mingi ya vitabu vya watoto imeandikwa kwa Kiingereza na itakuambia uhesabu maneno kwa kila sentensi. Kwetu hesabu hiyo inadanganya. "Hatukumpelekea" ni neno moja, nalo lina silabi saba: ha-tu-ku-m-pe-le-ke-a. Hesabu tena. Ni nane. Hata mimi mwalimu nimeteleza, sembuse mtoto mwenye kidole juu ya karatasi.

Kiswahili kinamsaidia sana anayeanza, kwa sababu herufi inasomeka kama inavyoandikwa, na silabi nyingi ni konsonanti moja na irabu moja: ba, be, bi, bo, bu. Mtoto akizishika hizo anaweza kusoma "nipe", "beba", "leta", "nazi", "Saida" bila kusaidiwa. Kinachomkwamisha ni urefu wa kitenzi na zile silabi zenye konsonanti zilizogandamana: mbwa, ndwe, nywe, ng'o, mvi. Kwa hiyo kanuni zangu ni hizi, nilizozipata kwa kukaa na watoto: neno la darasa la kwanza lisizidi silabi nne, na sentensi isizidi maneno manne au matano. Darasa la pili wanaweza kubeba silabi tano na sentensi mbili kwa ukurasa.

Mara nyingi kitenzi kirefu kina ndugu yake mfupi. "Alimpelekea" kiwe "akampa". "Walipomwendea" kiwe "walifika". Mwito na amri ndio ufupi wenyewe: "Simama!", "Beba!", "Njoo!" Ndiyo maana kitabu changu kimejaa watu wanaoitana, na Tanga kuitana barabarani si jambo la kubuni.

Utaniambia: mbona "chumvi" ina "mvi"? Ni kweli, ni neno gumu, na nililiwazia sana. Sukari ingekuwa rahisi kusoma, ila mbuzi anajulikana kwa kulamba chumvi na kisa chote kimesimama hapo. Nikajiruhusu neno gumu moja kwa kitabu, kwa sharti kwamba lirudi mara kwa mara. Limo kwenye jalada, ukurasa wa 1, wa 3, wa 5 na wa 13. Mara ya kwanza mtoto anahema. Kwenye ukurasa wa 13 halisomi tena, analitambua kama sura ya jirani. "Baiskeli", kwa upande mwingine, ina "ske" katikati, nayo haimo kabisa kwenye maandishi. Imo kila picha. Mtoto wa Tanga hahitaji kuandikiwa kwamba ile ni baiskeli.

Neno "mbuzi" ndilo ninalojivunia. Lina "mbu", lingeweza kuwa tatizo, lakini linaonekana mara moja tu, ukurasa wa mwisho, baada ya mtoto kulipigia kelele tangu ukurasa wa sita. Sijaona mtoto aliyelikwama.

Kisha kuna tanakali za sauti, hazina ambayo lugha yetu imetupa bure: anguka pu, tumbukia chubwi, vunjika kacha, jaa pomoni, lala fofofo, nyeusi tii. Nyingi ni fupi, zinasomeka, na mtoto anayesoma kwa woga huzipaza sauti hata asipoambiwa. Weka moja mahali kichekesho kinapopasuka, usizitawanye kila ukurasa. Mchezo mwingine ni wa ukubwa na udogo. Kibuzi, mbuzi, buzi, kikapu, kapu. Herufi moja au mbili zinabadilika na mnyama anavimba mbele ya macho. Hadithi nzima inaweza kujengwa juu ya hilo, nayo itaeleweka kwa Mswahili papo hapo.

Lahaja? Msimulizi atumie Kiswahili sanifu, hasa kama unataka kitabu kiingie shuleni. Wahusika waongee kama watu wa kwao, kwa kiasi. "Mie" ya Bibi Tatu haitamharibia mtoto usomaji. Ila Kimtang'ata kizito, chenye ladha yake tunayoipenda huku pwani, kitamchanganya mtoto wa Dodoma anayehangaika bado na silabi.

Herufi zenyewe

Tumia fonti ambayo "a" yake ni duara lenye mkia kama watoto wanavyoiandika, isiwe ile yenye kibanda juu. Iko fonti ya bure iitwayo Andika, iliyotengenezwa na shirika la lugha la SIL kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, na jina lake limetoka kwetu. Ukubwa uwe pointi 20 au zaidi. Usikate neno mwisho wa mstari kwa kistari. Kama halitoshi, lishushe lote. Maandishi yakae juu ya sehemu nyeupe, yasipite juu ya mgongo wa mbuzi.

Picha iseme kile maandishi yanachoficha

Rudi kwenye ukurasa wa 6. Maandishi: Saida anarudi. Mchoraji mvivu atachora Saida akirudi. Mtoto atasoma, ataangalia, ataona jambo lilelile mara mbili, atafunua. Mchoraji mwenye akili anachora Saida akirudi huku anapiga mluzi, na pembeni kabisa ya ukurasa, pua ya mbuzi. Ukurasa wa 8, kichwa chote cha mbuzi kimeingia kwenye kikapu cha nyuma. Ukurasa wa 10, mbuzi amesimama kwa miguu miwili, na kutoka kwenye tundu la pakiti chumvi inamwagika. Maandishi hayamtaji hata mara moja. Hapo ndipo darasa linapoanza kupiga kelele: "Mbuzi! Nyuma yako!" Mtoto anayesoma kwa shida anajikuta ndiye mjuzi kuliko wote, anamshinda Saida, anamshinda hata mwandishi.

Kwa hiyo, unapompa mchoraji kazi, usimpe maneno ya hadithi peke yake. Mwandikie safu mbili kwa kila ukurasa: kinachosomwa, na kinachoonekana. Kama safu hizo mbili zinafanana, ukurasa huo haujakamilika.

Kabla ya picha ya kwanza, mwombe karatasi ya wahusika: Saida wa mbele, wa ubavuni, wa mgongoni, akiwa na furaha, akiwa na mashaka, ameshika baiskeli. Mtoto wa darasa la kwanza anahesabu vifungo. Saida akiwa na viatu vyekundu ukurasa wa 4 na ndala ukurasa wa 5, mkono utainuka. Chora mitaa inayojulikana: nyumba ya Kiswahili yenye baraza, kibao cha barabara chenye namba (Ngamiani tuna barabara za namba, nazo zinamfundisha mtoto hesabu bila yeye kujua), baiskeli yenye keria. Kanga ya Mama nayo inaweza kusema neno. Mchoraji wetu aliiandika "Waja leo waondoka leo" huku ikiwa karibu na mbuzi anayekunywa maji na asiyeonyesha dalili ya kuondoka. Mtoto haisomi, lakini dada yake mkubwa anayemsomea atacheka, na anayemsomea mtoto lazima naye apate chake.

Mchoraji utampata wapi? Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza 1981, na sanaa za ufundi ni sehemu ya wanayojifunza pale. Ukipita, tembelea, angalia kazi zao. Wachora mabango ya maduka ni hazina nyingine, wanajua kuchora uso unaoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Wachora katuni wa magazeti ndio walio karibu zaidi na kazi hii, kwa sababu wameshazoea kueleza jambo kwa mistari michache. Nina neno moja kuhusu mtindo wa Tingatinga, na najua wapo watakaonikasirikia. Ule mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, ni mzuri ukutani. Lakini wanyama wake wametulia, wamepangwa kwa madoa na rangi, na kichekesho kinataka nyusi zinazopanda, mguu unaoteleza, jicho linalotazama pembeni. Tumia rangi zake za kung'aa kama unapenda. Ila mbuzi wako awe na hila usoni.

Mkubaliane kwa maandishi. Idadi ya picha, michoro ya penseli kwanza kabla ya rangi, marekebisho mangapi yamo kwenye malipo, lini analipwa nusu ya kwanza. Na haki za picha: kwa kawaida mchoro ni mali ya aliyechora, kwa hiyo kama hamkuandikiana, usishangae kuona mbuzi wako kwenye fulana. Kazi inalindwa tangu inapotengenezwa, lakini kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku mambo yakiharibika.

Mpe mtoto, ufunge mdomo

Usisubiri picha za rangi. Chukua kijitabu cha penseli, nenda shule ya jirani, omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, kaa na mtoto mmoja mmoja. Usianze na wanao. Watacheka ili wakufurahishe. Mwambie, "Nisomee." Kisha nyamaza. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kwa mwalimu, nyamaza kabisa.

Kwenye nakala yako weka alama tatu tofauti: alipokwama kwenye neno, alipotazama picha kwa muda mrefu, alipocheka. Watoto watatu wakikwama mahali pamoja, neno hilo litoke. Wakicheka mahali ambapo hukukusudia, usijisifu wala usikasirike, waulize wamecheka nini.

Mimi niliulizia hivyo ukurasa wa 12. Msichana mmoja wa darasa la pili alicheka kabla hajasoma "Beba mimi!" Nikamuuliza ameona nini. Akaweka kidole kwenye mkono wa Babu. "Ana kamba." Nikatazama. Kweli, mchoraji alikuwa amemchora Babu na kipande cha kamba kilichokatika kikining'inia mkononi, hakuniambia, nami nilikuwa nimekitazama kijitabu kile wiki tatu bila kukiona. Wakati huo ukurasa wa 16 ulisomeka "Saida, rudi dukani!" Jioni ileile nikaufuta, nikaandika "Mbuzi huyu ni wa nani?", na mchoraji akaongeza Babu anayetazama angani kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Kuchapa

Kwa nakala 20 au 30 za majaribio, steshenari yoyote yenye mashine ya kopi inatosha, nyeusi na nyeupe. Unachotakiwa kujua ni mpangilio wa kurasa. Kwenye kitabu cha kurasa 16, namba mbili zinazokaa pamoja upande mmoja wa karatasi lazima zijumlishwe zipate 17. Karatasi ya nje ina 16 na 1 mbele, 2 na 15 nyuma. Inayofuata ina 14 na 3, kisha 4 na 13. Halafu 12 na 5, 6 na 11. Ya ndani kabisa ni 10 na 7, 8 na 9. Mashine ikichapa pande mbili, chagua kugeuza kwa upande mfupi, la sivyo nusu ya kurasa zitasimama kwa kichwa. Mtoto atacheka, ndiyo, lakini kwa sababu nyingine.

Kumbuka picha yangu kubwa ya kurasa 14 na 15. Hizo ziko kwenye karatasi mbili tofauti, kwa hiyo mkunjo ukipotoka kidogo, mbuzi anakatika kiuno. Kurasa pekee ambazo ni karatasi moja iliyolala wazi ni zile za katikati kabisa, 8 na 9. Kama kichekesho chako kinaweza kuangukia hapo, una bahati. Changu hakikuweza, basi nikamweka mbuzi wote upande wa 15 na ndoo upande wa 14, shingo tu ndiyo inavuka.

Kwa nakala za rangi, karatasi ya gramu 80 haifai, picha ya nyuma inaonekana mbele. Omba gramu 100 hadi 130 kwa ndani na 250 kwa jalada. Michoro iskaniwe kwa nukta 300 kwa inchi. Picha ya simu iliyopigwa chini ya taa ya manjano itamfanya Saida aonekane ana homa. Rangi inayofika ukingoni mwa karatasi ipite mipaka kwa milimita 3, ili kisu kisiache mstari mweupe. Na jua kwamba buluu kali ya bahari unayoiona kwenye kompyuta haitatoka hivyo, kwa sababu kioo kinachanganya mwanga na kiwanda kinachanganya wino.

Omba nakala moja iliyokamilika kabla hawajachapa zote. Kaa nayo, funua ukurasa kwa ukurasa, hesabu kwa kidole. Mimi niliwahi kuamini simu iliyoniambia "mama, kila kitu safi", nikapokea maboksi ya vitabu ambavyo jibu limetangulia swali, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho.

Namba, ithibati na mahali pa kukipeleka

ISBN, ile namba ya tarakimu 13, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kama lengo lako ni kitabu kitumike rasmi darasani, utahitaji ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, nao wataangalia lugha, maudhui na picha. Peleka kikiwa kimehaririwa na mtu mwingine, si wewe na shemeji yako. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, umefanya kazi kubwa na vitabu vya Kiswahili vya umri huu, na kusoma vitabu vyao kutakuonyesha kiwango.

Njia nyingine ni kukiweka bure mtandaoni, kwa mfano African Storybook, ambako hadithi hupangwa kwa ngazi za usomaji. Soma leseni kwanza. Leseni huria ya aina ile inaruhusu mtu mwingine akitafsiri, akibadilishe, hata akiuze, mradi akutaje. Wapo wanaolipenda hilo, wapo litakalowauma. Na mchoraji akubali pia, kwa maandishi.

Kuuza ni jambo fupi: siku ya wazazi, siku ya kufunga shule, na steshenari za karibu na shule. Mzazi wa Tanga hanunui kitabu kwa jalada. Mpe mtoto wake akisome pale pale, ukurasa wa 5, wa 6, wa 7. Akifika kwenye "Simama!" ya kwanza, kifunge taratibu na ukishike mkononi.